Bei Iliyonywewa Kilimani

Jumatatu, 15 Septemba

Ninaandika shajara hii kwa sababu mbili, nami nazitaja mapema ili baadaye nisijidanganye. Ya kwanza: shangazi yangu Mukansanga anataka kuuza nyumba yake kabla mvua hizi hazijaisha, na bei za nyumba kilimani kwetu zinaporomoka. Ya pili: mimi, Jolie Tumukunde, mhitimu wa shahada ya uthamini wa ardhi na majengo, nimepewa miezi mitatu ya majaribio katika ofisi ya udalali ya Bwana Christophe-Aimé hapa Kamembe, na nimeazimia kuajiriwa. Profesa wetu alizoea kusema kwamba bei isiyo na historia ni uvumi. Basi nitaandika historia.

Hali yenyewe haina fumbo. Kwa miaka mingi nyumba zetu zilipandishwa bei na watu wa Bukavu: wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka Kongo pale Rusizi ya Kwanza kila asubuhi, wakachoka kuvuka, wakapanga chumba upande huu, na wenye uwezo wakanunua kabisa. Tangu biashara ya ng'ambo iyumbe, wengi wamerudisha funguo. Nyumba zinabaki na kufuli, majani yanaota hadi mlangoni.

Nyumba ya Shangazi ina vyumba vitatu na kibanda cha kupangisha nyuma. Kuta ni za matofali mabichi yaliyopigwa plasta ya saruji. Paa ni la bati. Barazani unakiona kisiwa chote cha Nkombo kimelala ziwani. Aliijenga kwa kuuza unga, chumba kimoja kwa msimu, baada ya familia yetu kurudi kutoka Kongo. Sasa magoti yake hayakitaki tena kilima. Anataka vyumba viwili kule Gihundwe, kando ya barabara, na kibaraza cha kuuzia unga wake. Akipata bei ya haki, atavinunua. Akiikosa, atalala sebuleni kwa kaka yangu kama mgeni asiyeondoka, naye ni mwanamke ambaye hajawahi kuomba chumvi.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Bwana Christophe-Aimé amesifu mpangilio wa majedwali yangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo Protais, jirani wa Shangazi upande wa chini, ameuza nyumba na shamba.

Kwetu mauzo huaminiwa kwa pombe kabla ya muhuri. Mnunuzi huleta kinywaji. Majirani huitwa uani. Mapatano husomwa kwa sauti pamoja na bei. Mashahidi hutia sahihi. Kisha watu hunywa. Aliyekunywa ni shahidi hadi kufa, hawezi kusema hakusikia. Ofisi ya ardhi huja baadaye, mara nyingi baadaye sana, na hakuna jirani anayekwenda kuchungulia kama imefika.

Mnunuzi anaitwa Parfait, shemeji ya Bwana Christophe-Aimé. Alikuja na viatu vyeupe, akasimama juu ya jiwe muda wote ili visiguse tope. Alileta kreti nne za bia na madumu mawili ya urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi. Karatasi ikasomwa. Bei: faranga milioni tano.

Mwaka juzi nyumba kama ile ilipata milioni kumi na mbili.

"Milioni tano?" akauliza Micheline kwa Kiswahili cha mpakani, chenye 'njo' badala ya 'ndiyo'. Huyu ni mpangaji wa Shangazi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, wa mwisho aliyebaki kilimani. "Papa Protais, hiyo njo bei ya nyumba, ao ya choo?"

"Maman, soko njo inasema," Protais akajibu huku akicheka. "Mimi ni nani nibishane na soko?"

"Soko ilikuambia lini? Mimi niko ku soko kila siku, sijasikia ikisema."

Watu wakacheka, chupa zikafunguliwa. Protais akatamka kwamba amepokea, akatia sahihi, Parfait akaikunja karatasi mfukoni. Kuanzia saa hiyo kila mtu kilimani anaijua bei ya nyumba yake: ni ile aliyoinywa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimewasilisha ripoti yangu ya kwanza. Msingi wake ni mauzo ya Protais: ya karibuni, yenye mashahidi, yenye mali inayolinganishwa. Kwa kanuni za uthamini hakuna ushahidi ulio bora zaidi.

"Voilà!" akasema Bwana Christophe-Aimé, njiti ya meno ikicheza mdomoni. "Umeandika kama muntu ya Kigali."

Nilirudi nyumbani kwa miguu bila kuhisi kilima.

Jumatano, 1 Oktoba

Wenye nyumba wameanza kuja ofisini. Leo walikuwa wawili, mmoja mjane. Bwana Christophe-Aimé alikuwa akila sambaza za kukaanga kutoka kwenye gazeti, hakuwaambia waketi. Mjane akaeleza juu ya paa lake jipya, juu ya maji ya bomba. Yeye akatafuna, vichwa vya samaki vikikatika kati ya meno yake, kisha akasema, "Mama, soma mwenyewe. Mutaalamu ameandika." Akamsogezea ripoti yangu. Mjane hasomi Kifaransa. Alipoondoka, mkubwa wangu akapangusa vidole kwa ukurasa wa pili.

Nilitoka nje kidogo. Harufu ya mafuta ilinifuata.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nisiwe mnafiki: na wenye nyumba nao wananichefua. Hawa wanaolia leo ndio waliowadai wapangaji wa Bukavu kodi ya nusu mwaka kwa dola, mkononi, mbele ya watoto waliolala juu ya mabunda ya nguo. Chumba kimoja kilipewa bei mbili kwa siku moja: ya asubuhi kwa jirani, na ya jioni kwa aliyevuka mpaka akitetemeka. Waliita hilo soko pia. Shangazi hakufanya hivyo, na sisemi kwa kuwa ni shangazi yangu. Micheline mwenyewe ndiye shahidi, na Micheline hamsifu mtu bure.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nyumba ya mjane imeuzwa. Mnunuzi ni Parfait tena. Milioni nne na nusu.

Wanaume walewale walikuja na viti vyao. Walikaa kwa mpangilio uleule waliokaa kwa Protais, kana kwamba nyua zote za kilima ni baa moja inayohamahama. Mmoja alilalamika kwamba bia haikuwa baridi. Mjane akamimina mwenyewe. Aliponifikia nilisema nina dawa ninazokunywa, jambo ambalo si kweli. Sikuweza kuikaribia ile glasi.

Mwezi uliopita niliandika kwamba aliyekunywa ni shahidi hadi kufa. Leo nimewaona watu wakimla mwenzao kwa heshima zote, wakisema aksanti.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua ya mawe. Maharage ya Shangazi yamelala chini.

Jumamosi, 25 Oktoba

Bwana Christophe-Aimé amefika kwa Shangazi. Hakuvua kofia. Alitembea ndani akigonga kuta kwa ufunguo wa gari, na kila plasta ilipotoa sauti ya utupu alinitazama mimi, kana kwamba tumeshirikiana kuivumbua.

"Maman, ukuta wako una njaa," akasema.

"Ukuta haujawahi kuniomba chakula," Shangazi akajibu. "Wewe njo unaonekana umekuja na sahani."

Akacheka kwa sauti, kicheko cha kuziba mlango. Kisha akataja bei: milioni nne na nusu, kama ya mjane. Akasema baada ya Krismasi zitakuwa tatu. Akasema vijijini hakuna atakayenunua tena, vijana wote wanataka mji, na yeye anawasaidia wazee kwa huruma tu.

"Bantu ba Bukavu hawarudi?" Shangazi akauliza.

"Barudi na nini, Maman? Benki zimefunga. Barudi na vitenge?"

"Barudi na miguu," akasema Micheline kutoka kibandani, bila kujitokeza. "Njo tulikuja nayo hata mara ya kwanza."

Shangazi alinitazama. Alikuwa akisubiri mtaalamu wa familia aseme neno. Nikasema kwamba bei iko ndani ya wigo wa ripoti. Ndiyo, nilitumia neno hilo: wigo.

Akakubali. Pombe itanywewa Jumamosi, tarehe 22 Novemba. Mkubwa wangu akaniteua kuyasoma mapatano, kwa kuwa, alisema, nina sauti safi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Sina la kuandika. Shangazi ameanza kufunga vyombo, na huanza na vile asivyovipenda.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilishuka kwa njia ya mkato kukwepa utelezi, nikapita kando ya shamba la Protais. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mgongo umelowa, akipanda miche ya kahawa.

Nilisimama. Mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa mstari, yamewekwa samadi, na juu ya kila mche ulioshikwa na udongo alikuwa amefunika kivuli cha majani ya mgomba, kwa uangalifu wa mzazi. Kahawa haizai kabla ya miaka mitatu. Hakuna mtu katika wilaya hii, mwenye akili au asiye nayo, anayempandia kahawa mtu aliyelinunua shamba lake kwa bei ya choo.

"Papa Protais, unapanda kwa nani?"

Akageuka. Kwanza alishtuka, kisha kile kicheko chake kikapanda usoni kama povu.

"Weye, Enjenyeri! Mvua iko, miche iko, mikono iko. Niilaze?"

"Shamba liliuzwa tarehe ishirini Septemba. Nilikuwepo."

"Basi kama ulikuwepo, unajua," akasema, akarudi kwenye shimo lake.

Mimi ambaye nimefaulu somo la mauzo linganishi kwa alama za juu darasani, nimeitazama nyumba yake wiki sita na sikujiuliza kwa nini muuzaji hajahama. Mbuzi wake wamefungwa palepale. Nguo za watoto zimeanikwa palepale. Usiku moshi unatoka jikoni palepale.

Jumanne, 4 Novemba

Nilirudi kwake jioni. Mkewe alinipa kiti, akatoka. Nilimwuliza Protais waziwazi: uliuza au hukuuza?

Alijikuna kidevu. Juu ya jiko lake bati lilikuwa jipya, linang'aa bila tone la kutu.

"Parfait alikuja," akasema. "Aliniambia: Mzee, tufanye kama unauza. Mimi nalipia pombe, nakupatia na mabati ya jiko. Bantu basikie milioni tano, basi. Weye unabaki kwako. Nikasema, kuna ubaya gani? Pombe ya bure, mabati ya bure."

"Na majirani?"

"Majirani balikunywa! Nani alilazimishwa?"

"Mjane ameuza kwa sababu yako."

"Aliuza kwa sababu ya woga. Mimi simuogopeshe. Mimi nilicheka tu. Hata weye uliandika, nasikia. Ku ofisi banasema iko kitabu yako."

Hakuna alichosema ambacho hakikuwa kweli, na kila kweli ilitoka mdomoni mwake na utelezi. Ripoti yangu yenye jalada la buluu imesimama juu ya karamu ya uongo, na mkubwa wangu aliijua karamu hiyo kabla sijafungua ukurasa wa kwanza.

Nikiwa mlangoni niliuliza jambo moja zaidi.

"Ile karatasi uliyotia sahihi iko wapi?"

"Kwa Parfait. Ni ya muchezo tu. Alisema ataipasua."

"Umemwona akiipasua?"

Kicheko cha Protais kilichelewa.

"Sahihi ni yako," nikasema. "Mashahidi wanaume ishirini walikunywa. Wakiulizwa kama uliuza, watasema nini?"

Alhamisi, 6 Novemba

Nilimwuliza Bwana Christophe-Aimé kwa lugha ya adabu kama mauzo ya Protais yalikuwa mauzo. Sikutarajia jibu la wazi, lakini watu wa aina yake hawafichi kitu wanachokionea fahari.

"Jolie, bei ya kijijini haiko ku ofisi, iko ku chupa," akasema. "Mimi ninajua chupa, weye unajua karatasi. Tukiwa pamoja, nani atatushinda? Mwaka ujao kutakuja bantu ba hoteli, batatafuta kilima kizima kinachoangalia ziwa. Kilima kitakuwa kwa nani?"

Kisha akavuta droo, akanionyesha mkataba wa ajira wenye jina langu. Utatiwa sahihi Jumatatu baada ya mauzo ya Shangazi.

Huo ndio mustakabali wa soko letu la vijijini, kwa maneno ya mtu anayelitengeneza: watu wanaogopeshwa leo ili kilima kinunuliwe kwa bei ya mabati ya jiko, kisha kiuzwe kwa wageni kwa bei ya mandhari. Profesa wetu alituchorea mstari wa mahitaji na mstari wa ugavi. Hakutuchorea shemeji.

Aliuchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, akaniomba nifunge dirisha, mvua inaingia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwambia Shangazi yote, mbele ya Micheline, jikoni. Shangazi aliendelea kuchambua maharage. Hakunitukana, na hilo lilinichoma kuliko tusi.

"Kwa hiyo nyumba yangu iko bado na bei ya zamani?" akauliza mwishowe.

Ningeweza kumfurahisha. Nikasema hapana. Wapangaji wameondoka kweli, fedha za ng'ambo zimekauka kweli, na hakuna kilima cha mpakani kinachobaki juu wakati biashara ya mpaka imelegea. Kwa hesabu yangu ya haki, baada ya kuyatoa mauzo ya Protais na yale yaliyozaliwa nayo, nyumba ni milioni tisa. Si kumi na mbili. Huenda isirudi kumi na mbili katika maisha yake.

Akaokota kokoto kati ya maharage, akaitupa nje.

"Tisa inanitosha vyumba viwili vya Gihundwe," akasema. "Mutoto yangu, kushuka najua. Nilishuka na mutumbwi, nilishuka na unga ikilowa, nilishuka na mume nikienda kumuzika. Lakini kushuka si kusukumwa."

"Na sasa tunafanya nini?" akauliza Micheline. "Pombe imesha kunywewa. Tukisema ni uongo, batasema tunataka bei."

Hapo ndipo penye ugumu. Kilimani hakuna hati inayoshinda midomo ishirini iliyokunywa. Pombe huvunjwa na mtu mmoja tu: muuzaji mwenyewe, akisimama mbele ya walewale mashahidi. Na Protais hatasimama kwa ajili ya shangazi yangu, wala kwa ajili ya mjane.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua, na mvua. Ofisini nimeulizwa kama nimefanya mazoezi ya kusoma.

Jumamosi, 15 Novemba

Protais amekuja jikoni kwa Shangazi, miguu mitupu, kofia mkononi. Sijawahi kumwona bila kicheko. Uso wake ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Alikuwa amekwenda Kamembe kuomba karatasi yake. Parfait alimwacha mlangoni, akamwuliza: karatasi gani, Mzee? Umeuza, watu walikunywa. Kaa mpaka msimu uishe, kwa wema wangu, halafu utoke. Kuhusu zile milioni tano, akasema mashahidi walisikia Protais akitamka kwamba amekwisha kupokea. Na kweli alitamka. Ndivyo mapatano yanavyosomwa.

"Miche mia mbili," Protais akarudia. "Nimepanda miche mia mbili."

"Mjane alipanda watoto wanne," akasema Micheline.

"Maman Micheline, usinipige nimeanguka."

"Sikupige. Ninahesabu na mimi."

Sikumhurumia. Naandika hivyo kwa kuwa nimeahidi kutojidanganya. Mtu huyu aliuza bei za wenzake kwa mabati, na amekuja kulia kwa sababu ameumwa na mbwa aliyemlisha. Lakini Shangazi alimsogezea kigoda na uji, kisha akamwambia kwa upole usio na nafasi ya kupita:

"Protais, ulitudanganya mbele ya bantu. Utasema kweli mbele ya bantu balebale. Utasema mabati, utasema Parfait, utasema yote. Ukisema, mimi nitakuwa shahidi wako wa kwanza, bila kunywa kitu."

"Batanicheka mpaka nife."

"Bacheke. Utakuwa ukicheka nabo, si umezoea?"

Alikunywa uji mpaka mwisho. Akasema ndiyo. Nikamwomba aseme tena, akasema tena.

Jumanne, 18 Novemba

Tumeshauriana wapi na lini. Micheline alitaka twende nyumba kwa nyumba. Niliona itakuwa kosa: wanaume wale mmoja mmoja ni wapole na hawakumbuki chochote; ni wakiwa pamoja tu ndipo kilima kinasikia. Na hakuna kitu kitakachowakusanya wote, pamoja na Parfait na mkubwa wangu, isipokuwa kreti.

Basi sikuufuta mwaliko wa mauzo. Mkubwa wangu amekwisha kuagiza bia. Mjane ameambiwa aje, na ametengewa kiti cha mbele. Protais atakaa kando yangu. Nitasimama na karatasi ya mapatano kama nilivyoteuliwa, na kabla ya kusoma neno nitamwita yeye. Akimaliza, nitawasomea hesabu yangu mpya kwa Kiswahili, ikiwa na bei ambayo Shangazi atauzia na kosa ambalo niliandika mimi. Nitapendekeza pia kanuni moja kwa kilima hiki: bei yoyote isihesabiwe kuwa bei mpaka muuzaji aonekane akihama na godoro lake.

Mkataba wa ajira bado uko kwenye droo ile. Leo mkubwa wangu alinipitia mezani, mikono ikinuka samaki, akanipiga begani, akaniuliza kama niko tayari. Nilimjibu kwamba sijawahi kuwa tayari hivi.

Protais anaweza kuogopa. Watu wanaweza kunywa kwanza na kusikiliza baadaye. Nimemwambia Shangazi hivyo, akaniagiza niache kuhesabu, nikaazime viti kwa jirani.

Kikao ni Jumamosi hii, tarehe 22 Novemba, saa nane mchana, uani kwa Mukansanga.